Kulala hemani msimu wa baridi: Funzo la Fort Ternan na nyanda za majani chai

Kati ya Aprili na katikati ya Juni, idadi ya watalii hupungua nchini Kenya. Mvua za masika huzigeuza barabara nyingi kuwa tope, na punde tu zinapopungua, kipupwe huingia na kudumu hadi Agosti. Ndiyo miezi ambayo mahema mengi ya kukodi hubaki yamekunjwa, bei za kambi hushuka na mpenda utulivu hupata msitu au mlima karibu peke yake.

Hata hivyo, si wageni wa mbali pekee wanaolala hemani. Likizo za shule za Aprili na Agosti huangukia majira hayo hayo ya mvua na baridi, na ndizo ambazo maskauti, vikundi vya vijana wa makanisa na wanafunzi wa vyuo huzitumia kupiga kambi. Wengi wao huenda na mahema mepesi yaliyoshonwa kwa ajili ya kiangazi, blanketi moja moja, na imani kwamba nchi iliyo juu ya Ikweta haiwezi kumdhuru mtu kwa baridi.

Imani hiyo ni potovu. Eneo la Fort Ternan, Kipkelion, Londiani na Kericho, ambako miteremko hupanda kutoka mashamba ya miwa hadi misitu ya Mau, ni mahali pazuri pa kujifunza sababu zake.

Mahali penyewe

Fort Ternan ni kituo kidogo cha reli katika Kaunti ya Kericho, upande wa magharibi wa Kipkelion, chini ya mlima Tinderet, ambao ni volkano iliyozimika zamani. Jina lake latokana na Trevor Ternan, afisa Mwingereza aliyewahi kukaimu uongozi wa Himaya ya Uganda mwishoni mwa karne ya 19.

Chini yake kuna Koru na Muhoroni, nchi ya miwa na joto. Kando yake na juu kidogo kuna kahawa ya Kipkelion. Juu zaidi, kuelekea Kericho na Bomet, majani chai hufunika vilima hadi macho yanapokoma. Katika safari ya saa chache msafiri huweza kupita tabianchi tatu.

Kanuni inayotawala mabadiliko hayo ni nyepesi: kwa kila mita 1,000 mtu anazopanda, hewa hupoa kwa wastani wa nyuzi sita na nusu za Selsiasi. Muhoroni iko mita 1,300 hivi juu ya usawa wa bahari. Mji wa Kericho uko takriban mita 2,000, Londiani karibu mita 2,300, na Mau Summit, kilele cha reli ya zamani ya kwenda Kisumu, ni zaidi ya mita 2,500. Kwa hesabu hiyo, mtu aliyelala Mau Summit huwa katika baridi inayozidi ile ya Muhoroni kwa nyuzi saba au nane usiku huo huo mmoja.

Kosa la kwanza la wapiga kambi wengi huanzia hapo. Hutazama utabiri wa hali ya hewa wa mji ulio karibu, pengine Kisumu, kisha wakaenda kulala mita 1,000 juu yake.

Waliotangulia kukaa hemani

Mahema si kitu kigeni katika miteremko hii. Reli ya Uganda, ambayo ujenzi wake ulianzia Mombasa mwaka 1896, ilifika Nairobi mwaka 1899 na kuteremka kutoka Mau hadi Kisumu, wakati huo ikiitwa Port Florence, mnamo Desemba 1901. Vibarua zaidi ya 30,000 waliletwa kutoka Bara Hindi kuijenga, nao waliishi katika kambi za mahema zilizohamishwa kadiri reli ilivyosonga mbele. Karibu 2,500 kati yao walikufa kabla ya kazi kwisha. Simba wa Tsavo ndio waliopata umaarufu vitabuni, lakini maradhi yaliua wengi kuliko simba. Kipande cha Mau, chenye mvua nyingi, mabonde na madaraja ya chuma, kilikuwa miongoni mwa sehemu ngumu kuliko zote.

Miaka 60 baadaye, mnamo 1961, mtafiti Louis Leakey alianza kuchimba katika shamba la mlowezi Fred Wicker karibu na Fort Ternan, baada ya mifupa ya kale kuonekana hapo. Msaidizi wake wa siku nyingi, Heselon Mukiri, alikuwa miongoni mwa wachimbaji. Mwaka 1962 Leakey alitangaza jina la Kenyapithecus wickeri, kiumbe wa jamii ya nyani wakubwa aliyeishi takriban miaka milioni 14 iliyopita. Tangu hapo vikosi vya watafiti vimerudi mara kadhaa, na eneo hilo limo chini ya uangalizi wa Makavazi ya Kitaifa ya Kenya.

Kundi la tatu ni lile ambalo halikuja kwa hiari. Habari zake zimo mwishoni mwa makala haya, kwa kuwa ndilo lililoonyesha wazi zaidi kile ambacho hema laweza kufanya na kile lisichoweza.

Baridi za aina mbili

Mkazi wa Kericho akiulizwa ni mwezi upi wenye baridi zaidi, huenda akajibu Julai. Akiulizwa ni lini majani chai huungua kwa jalidi, atataja Januari au Februari. Majibu yote mawili ni sahihi, na mpiga kambi hana budi kuyaelewa.

Baridi ya Julai ni ya maji. Mawingu hutanda mchana kutwa, jua halionekani, nguo hazikauki, na joto la mchana hupanda kidogo tu. Usiku hali haibadiliki sana kwa sababu mawingu hufanya kazi kama blanketi: huzuia joto la ardhi lisipotelee angani.

Baridi ya Januari ni ya ukavu. Mchana jua huwaka na msafiri hutembea akiwa na shati jepesi. Jua likishatua, anga huwa tupu, na ardhi hupoteza joto lake kwa kasi. Hewa iliyopoa huwa nzito kuliko hewa ya vuguvugu, hivyo huteremka taratibu kama maji na kujikusanya mabondeni. Alfajiri, majani yaliyo katika vibonde hufunikwa na chembe nyeupe za barafu. Mnamo Januari 2012 jalidi ya namna hiyo iliharibu sehemu kubwa ya zao la chai katika Kericho na Nandi, na mashamba yaliyokuwa ya kijani yakageuka rangi ya kahawia kana kwamba yamepitiwa na moto.

Hivyo basi, mtu anayesubiri kiangazi ili akwepe baridi huweza kukutana na usiku mkali kuliko ule alioukimbia. Tofauti ni kwamba baridi kavu humpata akiwa na nguo kavu. Baridi ya maji ndiyo hatari zaidi, hata kama kipimajoto kinaonyesha nyuzi 10 au 12, kwa kuwa maji huondoa joto mwilini takriban mara 25 zaidi ya hewa tulivu yenye ubaridi ule ule.

Mvua ya nyanda hizi nayo ina saa zake. Upepo wenye unyevu kutoka Ziwa Viktoria hupanda miteremko mchana na kukutana na upepo wa mashariki, kisha mawingu makubwa hujengeka. Mara nyingi mvua hunyesha kati ya saa nane mchana na saa moja jioni, takriban mwaka mzima. Mpiga kambi mwenye busara huhakikisha hema limesimama na kuni zimefunikwa kabla ya saa saba mchana.

Kuchagua pa kusimamisha hema

Yaliyosemwa kuhusu hewa nzito yanatoa kanuni ya kwanza: bondeni si mahali pa kulala, hata kama pana nyasi laini na kijito. Hapo ndipo baridi, ukungu na umande hukusanyika. Juu kabisa kileleni nako hapafai, kwa sababu ya upepo na radi. Mahali pafaapo ni katikati ya mteremko, penye uwanda mdogo, nyuma ya vichaka au kingo ya ardhi inayokata upepo.

Kanuni ya pili inahusu maji. Mto Kipchorian na vijito vingine vya Tinderet na Londiani huungana na kuwa Mto Nyando, ule ule unaofurika katika uwanda wa Kano. Mto ulio mtulivu adhuhuri huweza kujaa jioni kwa mvua iliyonyesha mbali, mahali ambapo mpiga kambi hakuiona wala kuisikia. Hema liwekwe mbali na kingo na juu ya alama za takataka zilizoachwa na mafuriko ya awali.

Tatu ni mwelekeo. Mlango wa hema usikabili upande unaotoka upepo. Na pale panapopata jua la asubuhi ni bora kuliko pale panapopata jua la jioni, kwani asubuhi ndipo mtu huhitaji kukausha alichonacho.

Zamani vitabu vya maskauti vilishauri kuchimba mfereji kulizunguka hema. Siku hizi ushauri huo umeachwa katika maeneo mengi ya hifadhi kwa sababu mifereji huanzisha mmomonyoko. Mahali palipoinuka kidogo hufanya kazi hiyo bila jembe.

Hema lenyewe

Hema la majira ya baridi si lazima liwe la bei ghali, ila lazima liwe na tabaka mbili. La ndani hupitisha hewa. La nje huzuia mvua na hufika karibu na ardhi. Kati yake pabaki nafasi.

Sababu ya nafasi hiyo ni mvuke. Mtu aliyelala hutoa maji kwa pumzi na kwa ngozi usiku kucha. Katika hema la tabaka moja, mvuke huo hugusa kitambaa kilichopoa, hugeuka matone, na kabla ya mapambazuko humdondokea aliyelala. Wengi hudhani hema lao linavuja, wakalipaka nta au kulifunika kwa karatasi ya plastiki, na kwa kufanya hivyo huongeza tatizo.

Jambo linalowashangaza wanaoanza ni kwamba wakati wa baridi matundu ya hewa yanapaswa kuachwa wazi. Hema lililozibwa kabisa huwa na joto kidogo zaidi kwa saa ya kwanza, kisha huwa na unyevu hadi asubuhi. Na mtu mwenye unyevu huhisi baridi kuliko mtu aliye katika hewa kavu inayopita.

Kamba za hema zivutwe barabara na vigingi vipigwe kwa mshazari, vichwa vyake vikielekea mbali na hema. Udongo wa nchi ya chai ni laini na mwekundu. Mvua ikishaulowesha, vigingi vyembamba vya chuma hung'oka. Vigingi virefu vya mbao, au jiwe zito juu ya kila kigingi, huokoa hema usiku wa dhoruba.

Mvua ya mawe ni suala la peke yake hapa. Kumbukumbu za hali ya hewa huitaja Kericho miongoni mwa maeneo yanayopata mvua ya mawe mara nyingi zaidi duniani, na katika miaka ya 1960 ndege na roketi zilitumiwa katika majaribio ya kuizuia isiangamize majani chai. Hema jepesi lililochakaa kwa jua hutobolewa kwa urahisi, kwa hiyo turubai la ziada lililofungwa juu yake kwa kamba ni kinga ya gharama ndogo.

Kulala bila kutetemeka

Baridi nyingi ya usiku haitoki juu, hutoka chini. Ardhi iliyolowa hunyonya joto la mwili bila kuchoka, na blanketi linalolaliwa hukandamizwa likakosa hewa ndani yake, ambayo ndiyo inayohifadhi joto. Mtu mwenye mablanketi mawili hunufaika zaidi akilalia moja na kujifunika moja kuliko kujifunika yote mawili. Mkeka wa sponji, godoro jembamba, au tabaka nene la nyasi kavu chini ya turubai ni muhimu kama kifuniko chenyewe.

Mifuko ya kulalia hupimwa kwa viwango vya kimataifa, na lebo yake huonyesha nyuzijoto za starehe na zile za mwisho wa uvumilivu. Mnunuzi na aangalie za starehe. Zile nyingine huonyesha mahali ambapo mtu mwenye mwili mkubwa hukesha akijikunyata. Kwa Kericho na Londiani, mfuko wa starehe ya nyuzi tano au chini ya hapo unafaa. Katika masoko ya mitumba kama Gikomba hupatikana mifuko mizuri kwa bei nafuu, lakini mnunuzi aipapase: ikiwa vitu vilivyojazwa ndani vimegandamana katika mabonge, joto lake limekwisha.

Manyoya ya ndege ni mepesi na yana joto, ila yakilowa hayafai kitu. Nyuzi za viwandani huvumilia unyevu. Vivyo hivyo kwa nguo: pamba ikilowa hukaa na maji na kumpoza mwenye kuivaa, ilhali sufu hutunza joto hata ikiwa na unyevu. Fulana ya pamba iliyojaa jasho la kupanda mlima ndiyo adui wa kwanza wa usiku. Kila mtu awe na seti moja ya nguo kavu, iliyofungwa ndani ya mfuko wa plastiki, ambayo haivaliwi kwa sababu yoyote ila kulalia.

Mambo mengine ni madogo lakini yana manufaa: kofia ya sufu, soksi kavu, chupa ya maji moto iliyofungwa vizuri na kuwekwa miguuni, na chakula cha kutosha kabla ya kulala. Ugali wa wimbi, maharagwe, karanga na chai yenye maziwa huupa mwili kuni za kuchoma hadi asubuhi.

Pombe haiko katika orodha hiyo. Chang'aa na mvinyo mkali hutanua mishipa ya ngozi, damu ya vuguvugu ikaja juu na mtu akahisi joto usoni na mikononi. Kwa hakika joto hilo linatoka ndani ya mwili na kupotea hewani. Mlevi aliyelala nje katika baridi hupoa haraka kuliko asiyelewa, naye hatambui.

Chandarua nacho kisisahaulike. Fort Ternan na mabonde yake hayako mbali na nchi ya malaria, na kumbukumbu za hospitali za mashamba ya chai Kericho zimeonyesha kwa miaka mingi kwamba wagonjwa huongezeka baada ya masika, yaani Mei hadi Julai. Baridi ya usiku haimaanishi kwamba mbu hawapo.

Jiko ndani ya hema

Katika yote yanayohusu kambi za baridi, hili ndilo linalostahili kukaririwa: jiko la makaa, sigiri, jiko la mafuta au la gesi lisiingizwe ndani ya hema linalolaliwa, hata kwa dakika chache, hata likiwa limebaki majivu mekundu tu.

Makaa yanapoungua penye hewa haba hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi, isiyo na harufu na isiyowasha macho. Ikivutwa, hushikamana na chembe nyekundu za damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, hivyo damu huendelea kuzunguka pasipo kubeba kile ambacho mwili unahitaji. Dalili za kwanza ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na uchovu. Aliyelala hazihisi. Aliye macho hudhani ni malaria au uchovu wa safari, akajilaza.

Udanganyifu wa makaa ni kwamba yakishakolea huwa hayatoi moshi unaoonekana, na watu wengi hupima hatari kwa macho na pua. Jiko lililoachwa nje mpaka moshi wake ukaisha, kisha likaingizwa ndani ili kupasha joto, limeua familia nzima katika vyumba vya mabati na vya udongo, na hema lililofungwa zipu halina tofauti na chumba hicho. Mvua inapolowesha kitambaa, matundu madogo ya nyuzi nayo huziba, na hewa hupungua zaidi.

Akipatikana mtu katika hali hiyo, atolewe nje kwenye hewa safi mara moja, moto uondolewe, na apelekwe hospitalini hata kama amezinduka, kwa sababu madhara kwa ubongo na moyo yaweza kujitokeza baadaye. Anayeingia kumwokoa azuie pumzi na afungue hema pande zote.

Dalili za mwili uliopoa

Joto la kawaida la mwili ni nyuzi 37. Likishuka chini ya 35, mtu yumo hatarini. Mwanzoni hutetemeka kwa nguvu, vidole hukosa ustadi na hawezi kufunga kifungo wala zipu. Baadaye maneno humtoka kwa uzito kama mlevi, hujikwaa, hukasirika bila sababu au huwa hajali. Mwishowe kutetemeka hukoma. Wenzake wasiojua hufurahi wakidhani amepata nafuu, kumbe mwili umeishiwa nguvu za kujitetea.

Mtu huyo aondolewe kwenye upepo na ardhi iliyolowa. Avuliwe nguo zenye maji na kuvishwa kavu, kichwa na shingo vikiwemo. Chupa za maji ya vuguvugu zilizofungwa kwa kitambaa ziwekwe kifuani na makwapani. Ikiwa ana fahamu kamili na anameza vizuri, apewe kinywaji cha vuguvugu chenye sukari. Asisuguliwe mikono na miguu, asipewe pombe, na asilazimishwe kutembea. Aliyepoteza fahamu abebwe kwa utaratibu, kwani moyo uliopoa huweza kusimama kwa mshtuko mdogo.

Watoto na wazee hupoa upesi kuliko wengine. Kiongozi wa kambi ya wanafunzi anapaswa kuwakagua waliolala angalau mara mbili usiku, na kuwapa wenye aibu ruhusa ya kusema kwamba wanaona baridi. Kijana wa miaka 15 huona afadhali atetemeke hadi asubuhi kuliko kuchekwa na wenzake.

Radi

Magharibi mwa Kenya ni miongoni mwa sehemu zenye radi nyingi barani Afrika. Hema halikingi radi, na nguzo zake za chuma hazisaidii. Mti uliosimama peke yake uwanjani ndio mahali pabaya kuliko pote.

Ili kukadiria umbali, mtu ahesabu sekunde kati ya mwanga na ngurumo. Kila sekunde tatu ni takriban kilomita moja. Hesabu ikiwa chini ya 30, watu waingie kwenye jengo imara au ndani ya gari lenye paa la chuma, na wakae humo hadi nusu saa ipite tangu ngurumo ya mwisho.

Ruhusa na adabu

Sehemu kubwa ya nchi hii ina wenyewe. Mashamba makubwa ya chai ni mali ya kampuni, yana walinzi, na hakuna anayeruhusiwa kulala humo bila idhini. Misitu ya serikali iko chini ya Shirika la Huduma za Misitu, ambalo hutoza ada na huweza kutoa askari wa kuandamana na kundi. Katika msitu wa Mau Kusini Magharibi bado kuna ndovu. Kwenye eneo la mifupa ya kale la Fort Ternan, ruhusa hutoka kwa Makavazi ya Kitaifa, na Sheria ya mwaka 2006 inakataza kuokota au kuondoa masalia yoyote, hata kipande kidogo cha jino.

Penye mashamba madogo, ni heshima kumwona mzee wa kijiji au chifu kabla ya kusimamisha hema. Mbali na adabu, ni usalama: wenyeji hujua kijito kinachofurika, mti unaopigwa radi na njia ya ng'ombe.

Hema la asiye na pa kwenda

Mapema mwaka 2008, baada ya ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, mamia ya maelfu ya Wakenya walijikuta hemani. Baadhi ya kambi zilikuwa katika nchi hii na jirani zake: Londiani, Kipkelion, Molo, Kuresoi na Burnt Forest, ambazo ni miongoni mwa sehemu zenye baridi kuliko zote katika Bonde la Ufa. Mnamo Mei mwaka huo, masika yakiwa yamepamba moto, serikali ilianzisha Operesheni Rudi Nyumbani, na wengi waliporudi walisimamisha mahema yale yale juu ya misingi ya nyumba zilizoteketezwa. Mwishoni mwa 2009, familia zilizoondolewa katika msitu wa Mau Kusini Magharibi nazo zilipiga kambi kandokando ya msitu, mvua ikinyesha.

Viwango vya kimataifa vya misaada vinataka kila mtu apate angalau mita mraba tatu na nusu za sakafu iliyofunikwa, na kati ya nne na nusu na tano na nusu penye baridi, kwa sababu huko hata kupika na kushinda mchana hufanyika ndani. Hema la familia linalotolewa na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi lina sehemu kuu ya mita mraba 16 kwa watu watano, na limebuniwa lidumu mwaka mmoja hivi. Kuna waathiriwa wa 2008 waliokaa hemani miaka kadhaa. Jua lilikula kitambaa, upepo ukapasua mishono, na viraka vya magunia vikawa ndivyo paa.

Yote yaliyoelezwa hapo juu, mfereji wa hewa baridi bondeni, mvuke wa usiku, ardhi inayonyonya joto, kishawishi cha kuingiza jiko ndani, yaliwapata watu hao bila wao kuwa na uwezo wa kuchagua mahali wala kufunga virago asubuhi. Maradhi ya njia ya hewa yalikuwa miongoni mwa yaliyowasumbua zaidi watoto kambini. Aprili na Mei 2024, mafuriko yalipowaondoa Wakenya zaidi ya 200,000 katika makwao, mahema yalisimamishwa tena katikati ya masika.

Kwa sababu hiyo, kinachohitajika kwanza katika kambi ya namna hii ni kitu cha kutenganisha mwili na ardhi, yaani mikeka minene, magodoro na mbao za kuinulia sakafu. Cha pili ni turubai la ziada la kufunika hema na kibanda cha pembeni cha kupikia, ili mama asilazimike kuchagua kati ya mvua na moshi. Anayetaka kuchangia mablanketi anafanya vyema. Akiongeza mikeka, kila blanketi litamfaa mlalaji maradufu.